Kutoka Majengo hadi Ngomeni kwa miguu

Kila shule zikifungwa hatukosi mtu mtaani anayekusanya pesa za watoto ili wapelekwe matembezi. Juzi ilikuwa Wasini. Kabla ya hapo ilikuwa Lamu, na watoto walirudi na picha za punda na hadithi za waliochafukwa na moyo mashuani. Ni jambo jema, sina neno nalo. Lakini mpwa wangu ana miaka 13, kazaliwa Majengo, kasoma chuoni hapa hapa Majengo, na mpaka mwezi uliopita alikuwa hajaukanyaga mlango wa Ngome. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mjomba, kule si kwa watalii?"

Basi Jumamosi moja nilimtoa nikaenda naye, kwa miguu, kutoka mlangoni kwao mpaka Ngomeni. Haizidi kilomita tatu. Tulitoka saa mbili asubuhi, tukarudi baada ya adhuhuri. Ninayoyaandika hapa ni kwa mzazi, mwalimu wa chuo au kijana yeyote anayetaka kuifanya safari hiyo: apite wapi, atazame nini, na awaambie nini watoto wakiuliza.

Kwanza jambo moja. Sisi tukisema "kwenda kisiwani" tuna maana ya Lamu au Unguja, na tumesahau kuwa tunaishi kisiwani. Kisiwa cha Mvita ni kidogo, kama kilomita za mraba 14 tu. Mtu mwenye afya anaweza kukizunguka kwa siku moja. Na bado kwa miaka 500 Wareno, Waturuki, Waomani, Wamazrui na Waingereza wamekigombania, na wenyeji wake hawakukaa kando wakitazama. Wazee husema jina Mvita limetokana na vita. Ukiisoma historia yake, huna haja ya kubishana nao.

Anzia nyumbani

Watu wengi wangeanza safari hii Ngomeni. Mimi nasema anzeni barazani kwenu.

Itazame nyumba ya Kiswahili ya Majengo kama mgeni. Ukumbi mmoja mrefu katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, uwani kwa nyuma palipo jiko na choo, na baraza mbele. Zamani ilikuwa ya fito na udongo na makuti juu, siku hizi ni mabati na matofali, lakini ramani haikubadilika sana. Nyumba hii ilijengwa ipangishwe. Mjane aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita alikaa kimoja, akala kodi ya vingine vitano.

Lakini muulize huyo mwenye nyumba kiwanja ni cha nani, na ndipo historia inapoanza. Nyumba nyingi za Majengo zilijengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Jengo ni lako, ardhi si yako, na kila mwezi au kila mwaka unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mpango huu haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, na Desemba mwaka huo ikaandikiana mkataba na Sultani wa Zanzibar juu ya ukanda wa maili kumi wa Mwambao: ardhi inabaki kwa jina la Sultani, Mwingereza anaitawala, na Sultani analipwa pauni kila mwaka. Kisha mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye kudai ardhi katika ukanda huo alitakiwa apeleke dai lake kwa maandishi. Aliyejua sheria, aliyekuwa na wakili au aliyekuwa na uwezo wa kungoja, alipata hati. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya mfalme. Wengi waliolima na kukaa bila karatasi yoyote waliamka wakajikuta wapangaji.

Wakati huo huo mji ulikuwa ukifurika. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Kilindini mwaka 1896, kisha miaka ya 1920 zikajengwa gati za kina kirefu, meli kubwa zikahamia huko na Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi. Kazi ilikuwa Kilindini, na wafanyakazi walitoka kila upande: Wadigo, Wagiriama, Wataita, Wakamba, Wajaluo, watu wa visiwani. Walihitaji mahali pa kulala. Hapo ndipo mashamba na minazi ya katikati ya kisiwa ilipogeuka majengo, na mtaa ukapata jina lake.

Watoto waambiwe pia habari ya Januari 1947. Wafanyakazi wa bandari, reli, mahoteli na majumbani, zaidi ya 10,000, waliweka kazi chini kwa karibu wiki mbili wakidai mishahara ya kumlisha mtu. Mji mzima ulisimama. Mikutano yao mikubwa ilifanyika katika uwanja wa mpira huku kwetu Majengo, na Chege Kibachia ndiye aliyechomoza kuwa kiongozi wao. Mwaka huo huo serikali ilimkamata ikampeleka kizuizini mbali na Mombasa. Jina la Majengo likitajwa redioni siku hizi, msikilizaji hungoja habari ya polisi. Si vibaya mtoto wa Majengo akijua kuwa mtaa wake uliwahi kusimamisha bandari.

Mwembe Tayari na Biashara Street

Mkitoka Majengo mkaishika Jomo Kenyatta Avenue kuelekea mjini, mtafika Mwembe Tayari. Hapo barabarani kuna sanamu za askari ambazo kila siku tunazipita ndani ya matatu bila kuziangalia. Simameni. Ziliwekwa miaka ya 1920 kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika na Kiarabu waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, Mwingereza alipopigana na Mjerumani wa Tanganyika. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndiko lilikotoka neno Kariakoo. Hakuna jina hata moja la mpagazi pale. Mpwa wangu alizunguka kulitafuta.

Kutoka hapo nendeni moja kwa moja mpaka Digo Road. Zamani barabara hii iliitwa Salim Road. Marikiti msikae sana, isipokuwa kama mama kakutumeni bizari. Watoto wakishaingia kwenye viungo, maembe ya achari na mabuyu, safari imekwisha.

Biashara Street ni mahali pa kupumua kidogo. Leso zenyewe ni somo. Neno leso ni la Kireno, na maana yake ya asili ni kitambaa. Husemwa kuwa wanawake wa Mwambao walinunua vitambaa hivyo vikiwa vimeungana, wakavikata sita sita, wakavishona pamoja wakapata vazi. Baadaye wafanyabiashara wa Kihindi wakaanza kuagiza kipande kizima, na duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la "Mali ya Abdulla", limekuwa mtaani tangu 1887. Mwambie mtoto ahesabu maneno ya Kireno aliyo nayo kinywani bila kujua: meza, bendera, kasha, foronya, karata, turufu, nanasi, pera. Wareno walikaa hapa kwa mikono ya chuma karibu miaka 100, na walichotuachia katika lugha ni vyombo vya nyumbani, matunda na mchezo wa karata. Dini yao haikutuingia. Kuna neno moja zaidi nimelificha, nitalitoa tukifika Ngomeni.

Mji wa Kale

Ingieni Mji wa Kale kwa adabu, maana ni mitaa ya watu. Kuna bibi kaketi barazani, kuna binti anaanika nguo kwenye roshani. Usielekeze simu kwenye uso wa mtu wala ndani ya mlango uliofunguliwa bila kuomba. Tunawalaumu watalii kwa jambo hili, na vijana wetu hulifanya vile vile.

Kosa la pili wanalolifanya wageni, na waelekezaji wengine, ni kuita kila kitu cha Kireno. Roshani za mbao zilizochongwa na milango ya nakshi mnayoiona, nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na ndani yake mna mkono wa mafundi na matajiri wa Kihindi pamoja na wa Kiswahili na wa Kiarabu. Katika mji Mreno kaacha machache mno. Nyumba zake zilichomwa au zilibomoka, na mawe yakajengewa nyumba nyingine.

Kilicho kikongwe zaidi ni misikiti. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara wake wa kipekee mweupe, husemwa ulijengwa mwaka 1570. Fanyeni hesabu: Ngome ilianzwa 1593. Msikiti huu ulikuwa unasaliwa miaka 23 kabla ya Mreno kuweka jiwe lake la kwanza, na unasaliwa hadi leo. Kumbukeni pia kwamba Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 alikuta watu wachamungu, wenye misikiti ya miti iliyojengwa kwa ustadi, na visima karibu na misikiti ambapo mtu alichota maji akaosha miguu kabla ya kuingia. Chakula chao, aliandika, kilikuwa ndizi na samaki. Hiyo ni miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa, Aprili 1498. Kitabu cha shule kinachoanza historia ya kisiwa hiki na meli ya da Gama kimeanzia ukurasa wa katikati.

Wareno waliporudi hawakurudi kwa salamu. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora na kuuchoma moto. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akauchoma tena. Mwaka 1589 watu wa Mombasa walimpokea Mturuki, Amir Ali Bey, wakitumai atawasaidia; Wareno wakaja kutoka Goa na kundi la manowari, na wakati huo huo Wazimba wakavuka kutoka bara wakauangamiza mji. Baada ya pigo hilo la tatu ndipo Wareno wakaamua kukaa, wakamleta Sheikh wa Malindi, rafiki yao wa siku nyingi, wakamfanya mtawala wa Mombasa chini yao.

Fuateni Ndia Kuu. Kwa Kimvita njia ni ndia, na jina limekataa kubadilishwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndia hii ilikuwa na reli nyembamba juu yake. Hakikupita garimoshi hapo. Vilipita vigari ambavyo maofisa wa Kizungu na matajiri walipanda, na wanaume wa Kiafrika wakavisukuma kwa nyuma mpaka Kilindini. Picha zake zipo. Ukimwonyesha mtoto picha moja ya hizo, humhitaji mwalimu wa kumweleza ukoloni.

Karibu na Bandari ya Kale iko Leven House, iliyopewa jina la meli ya Kapteni Owen wa Uingereza. Mwaka 1824 Wamazrui waliokuwa wakitawala Mombasa waliona Sayyid Said wa Oman anawakaribia, wakamwomba Owen bendera ya Uingereza iwalinde. Akawapa, akamwacha luteni mmoja kijana aitwaye Reitz awe mwakilishi. Reitz alikufa kwa homa katika muda wa miezi michache, na jina lake limebaki Port Reitz, tunakopita tukienda kiwanja cha ndege. Himaya yenyewe ilidumu miaka miwili tu. Mwaka 1826 serikali ya London ilikataa kuitambua na bendera ikashushwa. Wamazrui walijifunza mapema kuwa ahadi ya ofisa si ahadi ya serikali yake.

Chini ya nyumba hiyo kuna ngazi zinazoshuka baharini, na hapo mtaona Bandari ya Kale. Majahazi siku hizi ni ya kuhesabu. Zamani kaskazi ikivuma yalijaa hapa kutoka Ghuba na Bara Hindi na tende, mazulia na vyombo, na kusi ikianza yakarudi na boriti, pembe na nafaka. Hapa mpwa wangu alitaka kukaa. Nikampa nusu saa na kahawa chungu, akaikunja uso, akamaliza kashata zote mbili.

Ngomeni

Chukueni vitambulisho, maana bei ya mwananchi si ya mgeni, na mtoto ana bei yake. Ulizeni mlangoni. Kabla ya kuingia, kulieni kando muyatazame Makaburi ya Wamazrui, ambayo wengi huyapita.

Ngome ilianzwa mwaka 1593. Ramani ilichorwa na Mtaliani wa Milan, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mhandisi mkuu wa mfalme kule Goa, na ilikuwa imekamilika kwa sehemu kubwa kufikia 1596. Watu husema kwa juu ina umbo la mtu aliyelala. Lakini tazameni chini zaidi kuliko juu: kuta zimechimbuliwa kutoka mwamba wenyewe wa matumbawe, na ukuta wa jiwe ukaendelezwa juu yake. Aliyechimbua si Cairati.

Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa katika jiwe, yenye jina la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Nani anaweza kuyasoma? Hakuna kati yetu, na labda ni afadhali, kwa sababu yanajisifu kwa adhabu walizopewa Pate, Siyu, Pemba na miji mingine ya Mwambao katika miaka ya 1630. Yaani jiwe la kwanza unalolipita linasherehekea kupigwa kwa babu zako.

Kilichosababisha adhabu hizo kilitokea ndani ya ua huu. Sultani Hassan wa Mombasa aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia Rabai, na mwaka 1614 akauliwa huko. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, alichukuliwa akapelekwa Goa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akasomeshwa na mapadri, akaozwa mke. Alipokua alirudishwa kuwa mfalme wa Mombasa, wakiamini wameshamgeuza. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake kana kwamba anakuja kumzuru kapteni, akamchoma kisu, na Ngome ikawa yake. Akarudi kwenye Uislamu na kwenye jina lake. Wareno na wafuasi wao Wakristo waliouawa siku hizo walikuwa mamia, na Kanisa Katoliki linawaita mashahidi wa Mombasa. Sipendi kuisimulia hadithi hii kwa shangwe, maana walikuwemo wanawake na watoto. Lakini mtoto aliyenyang'anywa baba, jina na dini, kisha akapewa taji, walitarajia atafanya nini? Wareno walikuja na meli kumtoa mwaka uliofuata wakashindwa. Yusuf mwenyewe aliondoka Mei 1632, akawa anawasumbua baharini, na hakutawala tena.

Halafu mzingiro. Hili ndilo ninalotaka kila mtu wa Majengo alijue, ikiwa atasahau mengine yote. Machi 1696 Waomani walikuja na jeshi, wakaizingira Ngome kwa miaka miwili na miezi tisa. Ndani walikuwemo Wareno wachache na watu wa Mwambao wengi waliokuwa upande wao. Maradhi yakaingia, wakafa mmoja baada ya mwingine. Ilipofika Agosti 1697 hapakuwa na Mreno wa kuamuru. Waliobaki kuilinda Ngome ya mfalme wa Ureno walikuwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Hesabu tena: wanawake 50. Walishika zamu, wakaizuia Ngome mpaka msaada ulipofika mwezi uliofuata. Majina yao hakuna aliyeyaandika. Tunaweza kumlaumu Bwana Daud kwa kuchagua upande ule, na wapo waliomlaumu tangu siku hizo, maana Mombasa na Pate wengi walikuwa na Waomani. Mimi nina jambo jingine. Anayesema Ngome si yetu, ni ya Wareno, aeleze wanawake wale 50 walikuwa nani.

Ngome ilianguka Desemba 1698, na waliokutwa hai hawakuzidi kumi na kitu. Meli moja iliyokuja kuisaidia, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichunguza kati ya 1977 na 1980, na baadhi ya vyombo vyake vimewekwa katika jumba la makumbusho humo ndani. Watoto huvipenda kuliko mizinga. Tazameni pia picha zilizochorwa ukutani na askari wa Kireno kwa rangi na makaa: meli, watu, samaki. Ni michoro ya vijana waliochoka kungoja meli ya kuwarudisha kwao.

Yaliyofuata nitayapita haraka, ingawa kila moja lina kitabu chake. Wareno walirudi 1728 wakafukuzwa 1729. Wamazrui, waliotumwa na Oman kuwa magavana, walijitawala karibu miaka 100, na ni zama zao ndipo Muyaka bin Haji alipotunga mashairi yake hapa Mvita. Mwaka 1837 Sayyid Said alifaulu hatimaye, wakubwa wa Kimazrui wakakamatwa wakapelekwa Ghuba, hawakurudi. Mwaka 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga Ngome kumtoa al-Akida aliyemwasi Sultani wa Zanzibar. Tokea hapo kila mtu alijua nani ana nguvu.

Sasa lile neno. Katika ua wa Ngome mtaona msingi wa kanisa. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na neno hilo ndilo lililozaa gereza letu. Wazee wa zamani waliita ngome gereza, kisha gereza likawa kifungo. Na Waingereza, kana kwamba wanaisikiliza lugha, mwaka 1895 waliigeuza Ngome Jesus kuwa jela. Ikawa jela kwa miaka 63, hadi 1958. Kwa watu wa kizazi cha babu yangu "Ngomeni" halikuwa jina la matembezi, lilikuwa jina la kutishia watoto. Ndugu aliyechelewesha kodi, kuli aliyegombana na nyapara, kijana aliyekamatwa bila kipande, waliingia kwa lango lile lile tuliloingia sisi kwa tikiti. Nadhani huko ndiko ulikoanza uzito wa miguu yetu. Watalii hawakutunyang'anya Ngome; walikuja kuikuta tumeshaiogopa.

Jela ilipoondoka, James Kirkman alichimba na kuitengeneza kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu yake mpaka 1963, mwaka ambao Oktoba Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar waliandikiana kuhusu Mwambao, Sultani akaachia madai yake, na ukanda wa maili kumi ukaingia Kenya. Mwaka 2011 UNESCO iliitia Ngome katika orodha ya urithi wa dunia.

Msiondoke bila kushuka ule mwanya uliokatwa katika mwamba mpaka upande wa bahari. Ni baridi na giza, na mwishowe unaona maji. Kwa hapo ndipo vilipopitishwa vyakula na baruti mji ulipokuwa mikononi mwa adui.

Adhuhuri tulisali Mandhry, tukala viazi karai na ukwaju pale nje, tukapanda tuktuk kurudi. Nyumbani dada yangu alikuwa ametenga chai, na mama yetu kaketi mkekani. Mpwa wangu hakusema habari ya mizinga wala ya meli. Alimuuliza bibi yake: "Bibi, hiki kiwanja chetu ni cha nani?"

Mama alinitazama mimi, si yeye. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kiwanja, nyingine zimegeuka rangi ya chai, nyingine bado zina jina la marehemu baba yake. Akazimwaga mkekani akaanza kumsomea, moja moja, kuanzia ya zamani.